Poul la Cour: Mwalimu wa kijijini aliyeweka akiba ya upepo ndani ya tangi

Mkulima wa mahindi anajua kwamba kuvuna ni nusu ya kazi. Asiye na ghala huuza kwa bei ya kutupa wakati wa mavuno, kisha hununua kwa bei ya kuruka miezi michache baadaye. Umeme wa upepo na wa jua una tabia hiyo hiyo. Huja kwa wingi wakati hakuna anayeuhitaji, na hukosekana saa ambayo taa zinatakiwa kuwaka.

Mtu mmoja alilitambua tatizo hilo mapema sana, wakati umeme wenyewe ulikuwa bado kitu kigeni hata Ulaya. Jina lake ni Poul la Cour, mwalimu wa shule ya kijijini nchini Denmark. Kuanzia mwaka 1891 alijenga kinu cha upepo cha kuzalisha umeme, akautumia umeme huo kutenganisha maji, na gesi ya haidrojeni iliyopatikana akaihifadhi katika tangi ili itumike siku upepo unapolala.

Leo nchi tajiri zinatumia fedha nyingi kufanya kazi hiyo hiyo kwa mitambo mikubwa. Maisha ya la Cour yanaonyesha faida ya njia hiyo, gharama yake, na kwa nini yeye mwenyewe hatimaye aliiacha.

Mtoto wa shambani

La Cour alizaliwa Aprili 13, 1846, katika shamba la Skærsø, karibu na mji mdogo wa Ebeltoft, kwenye rasi ya Jutland. Familia yake ilikuwa ya wakulima, na kaka yake, Jørgen Carl la Cour, alikuja kuwa mtu mashuhuri katika mambo ya kilimo nchini humo.

Poul alichagua njia nyingine. Alisoma Chuo Kikuu cha Copenhagen na mwaka 1869 akahitimu katika elimu ya hali ya hewa. Taasisi ya Hali ya Hewa ya Denmark ilipoanzishwa mwaka 1872, aliteuliwa kuwa naibu mkuu wake akiwa na umri wa miaka 26 tu.

Wakati huo taarifa za hali ya hewa zilisafirishwa kwa telegrafu, na waya mmoja uliweza kubeba ujumbe mmoja tu kwa wakati. La Cour alitafuta njia ya kupitisha ujumbe mwingi kwa pamoja, kila mmoja ukiwa na mlio wake. Katika kazi hiyo alibuni gurudumu linalozungushwa kwa mitetemo ya uma wa sauti, ambalo huzunguka kwa mwendo usiobadilika.

Uvumbuzi huo ulimpatia sifa nje ya nchi, lakini ulimwingiza pia katika ushindani na wavumbuzi wa Marekani, akiwemo Elisha Gray, waliokuwa wakishughulikia jambo lile lile. Angeweza kubaki Copenhagen na kuendelea kupigania hati za uvumbuzi. Badala yake, mwaka 1878 alihamia kijijini Askov, kusini mwa Jutland, kuwa mwalimu wa hesabu na fizikia.

Shule isiyotoa vyeti

Askov haikuwa shule ya kawaida. Denmark ilikuwa imeshindwa vita dhidi ya Prussia na Austria mwaka 1864 na kupoteza sehemu kubwa ya ardhi yake ya kusini. Shule ya watu wazima iliyokuwa Rødding ilijikuta upande wa pili wa mpaka mpya. Mwaka uliofuata Ludvig Schrøder alifungua shule ya Askov, upande uliobaki wa Denmark.

Shule za aina hiyo zilifuata mawazo ya mchungaji N.F.S. Grundtvig. Hazikuwa na mitihani wala vyeti. Vijana wa wakulima walikuja kusoma historia, lugha, sayansi na mambo ya nchi yao, kisha wakarudi mashambani. La Cour alifundisha hesabu na fizikia kwa kueleza jinsi binadamu walivyozigundua hatua kwa hatua, na masomo hayo yakatoka kama vitabu. Kile cha fizikia alikiandika pamoja na mwalimu mwenzake, Jacob Appel.

Ilikuwa miaka migumu kwa wakulima wa Denmark. Nafaka ya bei nafuu kutoka Marekani na Urusi ilikuwa imeangusha bei katika masoko ya Ulaya. Wadenmark wakageukia siagi na nyama ya nguruwe, na mwaka 1882 kiwanda cha kwanza cha maziwa cha ushirika kilianza kazi katika kijiji cha Hjedding.

Hata hivyo, nguvu za mashine zilibaki mijini. Mji ulikuwa na injini za mvuke, taa za gesi na baadaye umeme. Kijiji kilikuwa na farasi, mikono na taa ya mafuta. Vijana waliona tofauti hiyo na wakaondoka. La Cour aliona kwamba hotuba peke yake hazingewazuia, na kwamba kijiji kilihitaji nguvu yake chenyewe.

Kinu cha mwaka 1891

Denmark haikuwa na makaa ya mawe wala maporomoko makubwa ya maji. Kitu ilichokuwa nacho kwa wingi ni upepo kutoka Bahari ya Kaskazini, na vijijini vinu vya upepo vya kusaga nafaka vilikuwa vimezoeleka kwa karne nyingi.

La Cour aliomba msaada wa serikali, akaupata, na mwaka 1891 kinu cha majaribio kikasimama Askov. Badala ya kuzungusha jiwe la kusagia, kilizungusha dainamo.

Tatizo la kwanza lilijitokeza mara moja. Upepo hauvumi kwa kipimo kimoja. Ukiongezeka ghafla, dainamo huzunguka kupita kiasi, na ukipungua, umeme hufifia. La Cour alibuni kifaa cha mikanda, wenzo na vizito, alichokiita kratostat. Nguvu ikizidi, mkanda ulilegea na kuteleza, hivyo dainamo ikaendelea kuzunguka kwa mwendo ule ule. Kilikuwa kifaa ambacho fundi wa kijijini angeweza kukitengeneza na kukirekebisha.

Tatizo la pili lilikuwa kubwa zaidi, nalo ni akiba. Betri za risasi zilikuwepo, lakini kwa shule ya kijijini zilikuwa ghali mno. Hapo ndipo la Cour alipogeukia maji.

Haidrojeni kama ghala

Umeme ukipitishwa katika maji yaliyotiwa kemikali ya kuyasaidia kupitisha umeme, maji hugawanyika. Upande mmoja hutoka haidrojeni, upande mwingine oksijeni, na haidrojeni huwa mara mbili ya oksijeni kwa ujazo. Gesi hizo zikiunganishwa tena kwa moto hutoa joto kali, na kinachobaki ni maji.

La Cour alisaidiwa na kazi ya Pompeo Garuti wa Italia, aliyekuwa ametengeneza mtambo wa kugawanya maji kwa umeme. Kwa mtambo wa aina hiyo, kinu cha Askov kilitengeneza gesi kila upepo ulipovuma, iwe mchana au usiku. Gesi iliingia matangini, na kutoka huko ikapitia mabomba hadi kwenye taa.

Mwali wa haidrojeni hauangazi wenyewe, na mchana hauonekani kabisa. Hivyo gesi ililazimika kupasha kitu kigumu kisichoungua mpaka kiwake kwa weupe. Kwa njia hiyo shule ya Askov iliangaziwa kuanzia mwaka 1895 hadi 1902. Tangi la haidrojeni lilikuwa na ujazo wa mita 12, na kwa miaka yote saba shule haikukosa gesi ya taa hata upepo ulipotulia.

Ili msomaji apate picha, mita 12 za ujazo za haidrojeni isiyoshindiliwa zina uzito wa takriban kilo moja tu. Kilo hiyo ina nishati ya uniti 33 hivi, sawa na zaidi kidogo ya lita tatu za dizeli. Haikuwa akiba kubwa. Ilitosha kwa sababu ilitumika kwa taa pekee, na kwa sababu upepo uliijaza tena na tena.

Madirisha yaliyovunjika

Haidrojeni haikuwa gesi ya kuchezea. Hujipenyeza katika nafasi ndogo kuliko gesi nyingine, na ikichanganyika na hewa, hata kwa sehemu 4 katika 100, cheche moja inatosha kuilipua. Hatari ni kubwa zaidi oksijeni inapoingia ndani ya tangi lenyewe.

Hilo lilitokea Askov. Oksijeni kidogo ilipenya upande wa haidrojeni na kusababisha milipuko, na zaidi ya mara moja vioo vya madirisha ya majengo ya shule vililazimika kuwekwa upya. Kwa mwalimu mwenye wanafunzi wanaolala na kusoma katika majengo hayo, jambo hilo lilikuwa zito kuliko gharama ya vioo.

Kulikuwa pia na hesabu ya hasara. Kila nishati inapobadilishwa kutoka umbo moja kwenda jingine, sehemu yake hupotea. Upepo ulizungusha dainamo, dainamo ikatoa umeme, umeme ukagawanya maji, gesi ikachomwa, na mwisho ikapatikana taa. Kila hatua ilichukua ushuru wake. Aidha, gesi iliyoletwa kwa bomba ilifaa kwa taa, lakini kijiji kilitaka pia kuzungusha mashine za kupura nafaka, kukata majani ya mifugo na kusukuma maji.

Mwaka 1902 la Cour alibadili mpango. Kinu cha Askov kikawa kituo cha umeme cha kijiji, kikijaza betri za risasi, huku injini ya mafuta ikiwekwa kwa ajili ya siku ndefu zisizo na upepo. Alitengeneza pia swichi ya kujiendesha iliyokata waya upepo ulipolala, ili umeme wa betri usirudi nyuma kwenye dainamo. Kijiji kilipata umeme wa taa na wa kazi.

Haidrojeni iliwekwa kando. La Cour hakung'ang'ania kitu kwa sababu kilikuwa chake. Aliangalia kilichomfaa mtumiaji, akakichukua.

Mapanga machache, mwendo mkali

Wakati huo huo alikuwa akitafuta jinsi ya kupata nguvu zaidi kutoka upepo ule ule. Kuanzia mwaka 1896 alitengeneza mifereji ya kupulizia hewa ndani ya jengo, akapima vielelezo vidogo vya mapanga ya kila umbo. Mwaka 1897 kinu kikubwa zaidi kilijengwa Askov.

Wengi wakati huo waliamini kwamba mapanga yakiwa mengi, kinu huchota upepo mwingi zaidi. Vipimo vya la Cour vilionyesha vingine. Kwa kuzalisha umeme, mapanga machache yanayozunguka kwa kasi yalifanya kazi vizuri kuliko mapanga mengi yanayozunguka polepole. Alichapisha matokeo hayo katika vitabu mwaka 1900 na 1903, na kila fundi aliyetaka kujenga kinu aliweza kuyasoma na kuyatumia.

Mafundi wa vijijini

La Cour aliona kwamba mtambo bila fundi ni chuma tu. Kinu kikiharibika na fundi akatafutwa kutoka mjini, mkulima hukaa gizani na kulipa nauli juu yake.

Mwaka 1903 alishiriki kuanzisha Chama cha Umeme wa Upepo cha Denmark, kilichowashauri wanavijiji waliotaka vituo vyao wenyewe. Mwaka 1904 yakaanza Askov mafunzo ya mafundi umeme wa vijijini. Vijana walijifunza kufunga nyaya, kutunza betri, kurekebisha dainamo na kuendesha kituo kidogo. Mmoja wa wanafunzi wa mwaka huo alikuwa Johannes Juul, kijana wa umri wa miaka 17.

Poul la Cour alifariki Askov Aprili 24, 1908, siku chache baada ya kutimiza miaka 62. Hakuwa ameacha utajiri wa kiwanda. Aliacha vitabu, mafundi na vinu vinavyozunguka.

Thamani ya kazi hiyo ilionekana katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, mafuta na makaa yalipoadimika na kupanda bei. Kufikia mwaka 1918, vituo vya umeme 120 hivi nchini Denmark vilikuwa na vinu vya upepo, vingi vikiwa vya kilowati 20 hadi 35. Kwa pamoja vilitoa takriban asilimia 3 ya umeme wa nchi.

Mafuta yaliposhuka bei tena na nyaya za umeme kutoka vituo vikubwa zikaenea, vinu vingi viliachwa. Lakini Juul hakusahau alichojifunza. Mwaka 1957 mtambo wake wa mapanga matatu wenye nguvu ya kilowati 200 ulianza kazi Gedser, kusini mwa Denmark, nao uliendeshwa kwa takriban miaka 10. Bei ya mafuta ilipopanda duniani mwaka 1973, Denmark ilikuwa na mahali pa kuanzia. Leo zaidi ya nusu ya umeme wake unatokana na upepo.

Urithi huo umefika Afrika Mashariki pia. Mitambo 365 ya upepo iliyo karibu na Ziwa Turkana nchini Kenya, yenye uwezo wa megawati 310 na iliyozinduliwa rasmi mwaka 2019, ilitengenezwa na Vestas. Kampuni hiyo ya Denmark ilianzia katika karakana ya uhunzi iliyofunguliwa kijijini Lem, Jutland, mwaka 1898, la Cour akiwa bado kwenye majaribio yake.

Hesabu ya leo

Tatizo la akiba nalo limerudi. Upepo ukivuma usiku kucha na watu wamelala, umeme huo uende wapi? Ndiyo sababu haidrojeni inazungumzwa upya.

Tofauti kubwa ni mgandamizo. Gesi ya la Cour ilihitaji tangi la ukubwa wa chumba kidogo. Leo haidrojeni hushindiliwa kwa mgandamizo wa mara 350 au hata 700 ya hewa ya kawaida. Gesi iliyojaza tangi la Askov, ikishindiliwa mara 350, huingia katika nafasi ya lita 40 hivi, yaani madumu mawili ya lita 20. Mtungi wenyewe, hata hivyo, lazima uwe mnene na wa kutegemewa kabisa.

Kuishindilia gesi nako kunakula nishati, takriban sehemu moja katika kumi ya ile iliyomo. Sehemu ya nguvu hiyo inaweza kurudishwa. Gesi inapotolewa kutoka mgandamizo mkubwa kwenda mdogo, inaweza kupitishwa kwenye mashine ndogo yenye mapanga na kuzalisha umeme, badala ya kuachwa ipite bure kwenye vali. Lakini umeme huo ni kidogo sana ukilinganishwa na unaopatikana kwa kuiunganisha gesi yenyewe na oksijeni.

Kwa mitambo ya sasa, kutengeneza kilo moja ya haidrojeni huchukua uniti 50 au zaidi za umeme. Kilo hiyo ikigeuzwa kuwa umeme tena, hurudi uniti 16 hadi 20 hivi. Theluthi mbili zimepotea njiani. Betri nzuri hurudisha sehemu kubwa zaidi, ingawa haifai kuhifadhi umeme wa miezi mingi, na hapo ndipo haidrojeni ina nafasi yake, pamoja na viwanda vya mbolea na vya chuma.

Kwa mwenye duka, mashine ya kusaga au kitalu cha kuku, hesabu ya Askov bado ni ile ile. Umeme unaohitajika usiku ni uniti ngapi? Katika kila uniti inayowekwa akiba, ni kiasi gani kitarudi? Na mtambo ukiharibika, fundi yuko umbali gani? La Cour alijibu maswali hayo kwa miaka 11 ya majaribio, na majibu yalipomwelekeza kwenye betri, aliyafuata.

Jengo la kinu chake lipo hadi leo kijijini Askov, nalo ni makumbusho yenye jina lake.